Kabla ya kukubaliana gaidi ni nani, tukubaliane nani kasema

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2004, ndege mbili za abiria zilizoruka kutoka uwanja wa Domodedovo, Moscow, zililipuliwa angani zikipishana dakika chache. Mbinu ilikuwa moja na usiku ulikuwa mmoja. Lakini Marekani ilipofunga hesabu zake za ugaidi duniani kwa mwaka ule, ndege moja ilihesabiwa na nyingine ikaachwa. Kilichozitenganisha ni abiria mmoja, raia wa Israel, aliyekuwa ndani ya mojawapo. Fasili iliyotumika ilitambua ugaidi wa kimataifa peke yake, yaani tukio linalogusa raia au ardhi ya zaidi ya nchi moja. Kwenye ndege ya pili waliouawa walikuwa Warusi, kwa hiyo kwa mujibu wa jedwali hakuna kilichotokea.

Aprili 2005, kituo cha taifa cha Marekani cha kupambana na ugaidi, NCTC, kilitoa idadi ya mwaka 2004: mashambulizi makubwa 651. Miezi michache baadaye kikapanua fasili, na mwaka uleule ukawa na mashambulizi 3,192. Hakuna bomu hata moja lililokuwa limeongezeka. Hesabu ya mwaka 2005 ikaja na matukio 11,111, na mtu yeyote aliyeichora grafu kutoka 651 hadi hapo alipata mlima ambao sehemu yake kubwa ilijengwa na watu waliokaa mezani wakabadilisha sentensi.

Naanza na takwimu hizi kwa sababu mjadala wa kuunganisha data za usalama huanzia pasipo penyewe, kwenye nyaya, seva na vibali vya kuingia. Idara mbili zinaweza kuunganishwa kwa mtandao wenye kasi ya ajabu na zikaendelea kutoelewana, kwa kuwa tukio la huku si tukio la kule, mshukiwa wa polisi si mshukiwa wa uhamiaji, na tarehe iliyo kwenye safu moja ni ya siku jambo lilipotendeka ilhali kwingine ni ya siku karani alipoliingiza kwenye kompyuta. Ontolojia ya pamoja inakuja na ahadi ya kutibu ugonjwa huo. Ahadi hiyo naiamini nusu. Nusu iliyobaki naona tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Ontolojia inanadiwa kama chombo cha kuieleza dunia ilivyo, wakati faili la kijasusi halina dunia ndani yake. Lina madai kuhusu dunia. Kazi ya kwanza ilipaswa kuwa kukubaliana namna ya kuandika dai: nani anadai, amejuaje, ana uhakika kiasi gani, na dai lake linaisha lini.

Kwa asiyeishi na msamiati huu, ontolojia kwa maana ya watu wa kompyuta ni maelezo rasmi ya vitu vilivyomo katika uwanja fulani na jinsi vinavyohusiana, yaliyoandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuyatumia kufikia hitimisho. Kamusi humwambia msomaji kwamba pasipoti ni hati ya kusafiria. Ontolojia huiambia mashine kwamba kila pasipoti ni hati, kwamba hati hutolewa na mamlaka, kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na hati kadhaa, na kwamba hakuna kitu kinachoweza kuwa mtu na hati kwa wakati mmoja. Kila taarifa huvunjwa kuwa sentensi fupi yenye vipande vitatu: fulani anamiliki pasipoti hii, pasipoti hii imetumika katika safari ile, safari ile iliishia mji fulani. Ukiwa na mamilioni ya sentensi za aina hiyo kutoka idara mbalimbali, zote zikitumia mahusiano yaleyale, mashine huweza kuvuka kutoka jalada la viza hadi orodha ya abiria hadi muamala wa benki bila mtu kuandika programu mpya kwa kila jozi ya mifumo.

Faida hiyo si ndogo. Jumuiya ya ujasusi ya Marekani ina taasisi 18. Tuseme kila moja ina mfumo mmoja tu, jambo ambalo lingekuwa muujiza. Zikitaka kuzungumza moja kwa moja, kuna jozi 153 za kutafsiriana. Zikikubali lugha moja ya katikati, tafsiri zinazohitajika ni 18. Hoja hii ya hesabu ndiyo inayowavuta maafisa wa fedha, na kwa kweli haina jibu rahisi.

Wamarekani wamelijaribu jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 2005 wizara za sheria na usalama wa ndani zilianzisha NIEM, msamiati wa kitaifa wa kubadilishana taarifa, uliokua kutoka kazi ya awali ya polisi na mahakama. Baadaye ikaja UCore, toleo la pili likiwa la mwaka 2009, ikitaka makubaliano madogo zaidi juu ya maswali manne: nani, nini, wapi, lini. Haikudumu. Mwaka 2013 wizara ya ulinzi iliagiza NIEM ndiyo ifikiriwe kwanza. Miradi yote miwili ilishughulika na ujumbe ukiwa njiani, na kila idara iliendelea kupanga mambo yake ndani kama ilivyozoea.

Mwanzoni mwa 2024 ikapigwa hatua ya aina nyingine. Wakuu wa data wa wizara ya ulinzi na wa jumuiya ya ujasusi walikubaliana kwamba ontolojia zitakazojengwa huko zisimame juu ya msingi mmoja, unaoitwa BFO (Basic Formal Ontology), pamoja na Common Core Ontologies, iliyojengwa juu ya msingi huo. BFO ni kazi iliyoongozwa na mwanafalsafa Barry Smith wa University at Buffalo. Ilipata umaarufu kwanza kwa watu wa baiolojia na tiba, na mwaka 2021 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 21838-2. Ina madaraja, yaani makundi ya vitu, yasiyofika 40. Humo huwezi kumkuta gaidi, wala pasipoti, wala bomu. Utakuta vitu vinavyodumu katika wakati na mambo yanayotukia, sifa za vitu, nafasi ambazo vitu huzishika, mahali, muda. Aristotle angejiona yuko nyumbani, ingawa kama angefurahia mahali falsafa yake inapotumika ni suala jingine.

Napenda uamuzi huo kuliko nilivyotarajia, na nitaeleza kwa nini baadaye. Kwanza tuondoe uongo mmoja.

Kila mara teknolojia ya aina hii inapopelekwa mbele ya wabunge au wakuu wa idara, Septemba 11 hutolewa kama ushahidi: taarifa zilikuwepo, zilitawanyika, mashine ingeziunganisha. Lakini soma kilichotokea. Januari 2000 CIA iliwafuatilia Khalid al-Mihdhar na Nawaf al-Hazmi, waliokuja kuwa miongoni mwa watekaji wa ndege za siku ile, hadi kikao cha al-Qaeda mjini Kuala Lumpur. Ilijua al-Mihdhar ana viza ya Marekani. Miezi miwili baadaye ilikuwa na taarifa kwamba al-Hazmi ameshatua Los Angeles. Mtumishi wa FBI aliyekuwa ameazimwa CIA aliandika rasimu ya ujumbe wa kuitaarifu idara yake, rasimu ikazuiwa. Majina yao hayakuingia kwenye orodha ya kuwazuia watu mpaka wiki ya nne ya Agosti 2001, wakiwa wameshaingia nchini. Hapo hakuna utata wa maana. FBI na CIA zilikuwa na uelewa uleule wa viza ni nini na Los Angeles iko wapi. Kulikuwa na mtu mwenye karatasi na mtu asiyetaka karatasi itoke. Ontolojia ingepanga vizuri sana taarifa ambazo hazikuletwa.

Tukio la Krismasi ya 2009 ni mfano wa haki zaidi. Baba wa Umar Farouk Abdulmutallab alikwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani Abuja, tarehe 19 Novemba, kueleza wasiwasi wake juu ya mwanawe aliyekuwa Yemen. Ubalozi ukatuma taarifa. Katika kuangalia kama kijana yule ana viza, jina likaandikwa vibaya, mfumo ukajibu kwamba hakuna kitu, na ikachukuliwa kwamba hana. Alikuwa nayo. Siku ya Krismasi alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit akiwa na vilipuzi kwenye nguo ya ndani, na abiria waliokolewa na kilipuzi kibovu na wenzao waliomrukia. Serikali ya Obama ilipofanya tathmini, ilisema tatizo la safari hii halikuwa kukosa taarifa bali kushindwa kuziunganisha na kuzielewa. Hapa mashine ingesaidia. Hata hivyo angalia ni msaada wa namna gani: ulihitajika mfumo unaojua kwamba "sijaona" si sawa na "hakuna".

Tofauti hiyo ipo tayari katika ontolojia zilizoandikwa kwa OWL, lugha ya kompyuta ya kuandikia ontolojia. Kanzidata za kawaida huchukulia kwamba kisichoandikwa si kweli. OWL huchukulia kwamba kisichoandikwa hakijulikani. Kwa mhasibu, tabia hiyo ni kero. Kwa mchambuzi wa usalama ndiyo uaminifu wenyewe, kwani kila faili analosoma lina mashimo. Shida ni kwamba skrini anayoiona mtumiaji wa mwisho, yule afisa wa mpakani mwenye foleni ya watu mbele yake, haina nafasi ya "hakijulikani". Ina rangi ya kijani na rangi nyekundu. Unaweza kuwa na mantiki safi kabisa ndani ya seva na ukaipoteza yote kwenye sentimita chache za kioo.

Sasa turudi kwenye madai, ambako nadhani ndiko kiini kilipo.

Muda mrefu kabla ya kompyuta kuenea, wanajeshi walikuwa na utaratibu wa kupima taarifa kwa alama mbili. Herufi, kutoka A hadi F, hueleza chanzo kinaaminika kiasi gani. Namba, kutoka 1 hadi 6, hueleza taarifa yenyewe ina uzito gani. F na 6 maana yake haiwezekani kupima. NATO bado inautumia. Uzuri wake ni kutenganisha mambo mawili ambayo akili hupenda kuyachanganya: mtu mkweli anaweza kuleta habari potofu, na mwongo anaweza siku moja kusema kweli. Ninaposoma maelezo ya mradi wowote wa kuunganisha data, hilo ndilo ninalolitafuta kwanza: alama hizi mbili zinakaa wapi? Sentensi ya vipande vitatu haina mahali pa kuziweka. "Fulani anashirikiana na kundi lile" huandikwa kwa umbo lilelile, iwe imetoka kwa chanzo cha A1 au kwa jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Zipo njia za kiufundi za kurekebisha hilo. Kiwango cha PROV cha kueleza asili ya taarifa kimekuwepo tangu 2013, na sentensi zinaweza kufungwa pamoja na jina la mtoaji wake. Ila njia hizo huongeza ukubwa wa data na hupunguza kasi, na kitu kinachopunguza kasi ndicho cha kwanza kukatwa siku ya maonyesho mbele ya mteja.

Hata maneno ya kawaida ya shaka yana historia yake ya kutisha. Mwaka 1951 wachambuzi wa CIA waliandika kwamba kuna "uwezekano mkubwa" wa Yugoslavia kushambuliwa. Sherman Kent, aliyesimamia kazi hiyo, alipoulizwa ana maana gani, alijibu kuwa yeye aliona ni kama 65 kwa 35 upande wa shambulizi kutokea. Akaenda kuwauliza wenzake waliokubaliana na waraka uleule. Majibu yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Watu hawa walikaa chumba kimoja, walizungumza lugha moja, na walitia saini sentensi moja. Leo maagizo ya jumuiya ya ujasusi ya Marekani yana jedwali linalofunga maneno ya namna hiyo kwa asilimia, na ukiniuliza mimi, jedwali hilo ni ontolojia yenye faida kuliko nyingi zilizoandikwa kwa OWL.

Madai yakipoteza mdai wake, hugeuka kuwa mambo ya hakika. Kisa cha Maher Arar kinaonyesha njia nzima. Ni mhandisi Mkanada mzaliwa wa Syria. Polisi wa Kanada, RCMP, walikuwa wakimwangalia kama mtu wa pembeni katika uchunguzi wa watu wengine. Walipoomba Wamarekani wamweke kwenye orodha ya kuangaliwa mpakani, walimweleza yeye na mkewe kuwa ni Waislamu wenye msimamo mkali wanaoshukiwa kuhusiana na al-Qaeda. Tume ya Jaji Dennis O'Connor iligundua baadaye kwamba maelezo hayo hayakuwa na msingi, na kwamba taarifa zilipitishwa bila masharti ya matumizi ambayo taratibu za RCMP zenyewe zilidai. Septemba 2002 Arar alikamatwa akibadilisha ndege New York. Akapelekwa Syria, akateswa, akakaa huko karibu mwaka mzima. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye faili la usalama husemwa tu, na kule kulitamka ndiko kunakolileta.

Fikiria sasa kisa hicho ndani ya mfumo uliounganishwa. Kama ontolojia ina daraja liitwalo "mshukiwa wa ugaidi" chini ya daraja "mtu", basi Arar angekuwa mshukiwa kama anavyokuwa mtu mrefu au mtu mzima: sifa yake, aliyozaliwa nayo au aliyoipata, anayotembea nayo kutoka mfumo hadi mfumo. Hapa ndipo BFO inapopata heshima yangu. Inakataza mtindo huo. Kwa BFO, kuwa mshukiwa ni nafasi ambayo mtu huishika kwa sababu ya mazingira ya nje yake, kama vile kuwa mwanafunzi au mpangaji; ina mwanzo, inaweza kwisha, na ikiisha mtu anabaki yuleyule. Nayo Common Core hutenganisha mtu na maandishi yanayomwelezea: kuna Arar, na kuna hati fulani ya tarehe fulani kutoka ofisi fulani inayomtaja. Hati inaweza kuwa ya uongo bila mtu kubadilika. Mwanafalsafa ataona hilo ni jambo la wazi. Mtaalamu wa kanzidata ataona ni usumbufu, kwani sehemu ambayo safu moja ya ndiyo au hapana ingetosha, sasa anahitaji vitu vitano vilivyounganishwa. Vitu hivyo vitano ndiyo kinga ya raia, na ningependa waliosaini makubaliano ya 2024 wangelisema hilo kwa sauti. Sababu zinazotajwa zaidi ni kasi na ufanisi.

Kuna kisa kingine, kidogo kwa umbo, ambacho kila anayebuni fomu angepaswa kukisoma. Novemba 2004 afisa wa FBI alijaza fomu kuhusu mwanafunzi wa uzamivu kutoka Malaysia aliyekuwa akisoma Stanford. Fomu ilimtaka aweke alama kwenye orodha ambazo mtu huyo asiingizwe. Afisa akaielewa kinyume, akaweka alama kwa maana ya kumwingiza. Januari 2005 mama huyo, akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya upasuaji, alitiwa pingu uwanja wa ndege wa San Francisco. Kesi ilichukua miaka. Afisa mwenyewe aligundua kosa lake mwaka 2013 alipohojiwa na mawakili, na hukumu ya Jaji William Alsup ilitoka 2014. Alama ya vema kwenye kisanduku haikuwa na mgogoro wowote wa kiufundi. Mifumo yote iliyofuata iliisoma kwa usahihi kamili. Kosa lilisambaa vizuri kwa sababu mifumo ilikuwa ikielewana.

Hapo ndipo naachana na wale wanaosema ontolojia ya pamoja hupunguza makosa. Hupunguza makosa ya tafsiri. Makosa ya chanzo huyapa mbawa.

Suala la kuunganisha watu nalo lina sura hiyohiyo. Jina la Tamerlan Tsarnaev, mmoja wa waliolipua mbio za Boston mwaka 2013, liliingizwa kwenye mfumo wa mpakani kwa tahajia mbili, na tahadhari moja ikapitwa. Jibu la haraka ni kulegeza ulinganishaji: majina yanayofanana, tarehe za kuzaliwa zinazokaribiana, mashine iseme hawa ni mmoja. Kwenye OWL kuna uhusiano unaofanya hivyo, na ni mkali kuliko unavyoonekana. Ukisema A ni yuleyule B, kila kilichosemwa juu ya B kinakuwa kimesemwa juu ya A, na B akiunganishwa na C, basi A naye ni C. Kiungo kimoja cha ovyo katikati ya mnyororo hutosha kumpa mtu mwenye jina la kawaida deni, safari na marafiki wa watu watatu asiowajua. Na kukosa kumuunganisha Tsarnaev huleta tume ya uchunguzi, ilhali kumuunganisha asiyehusika huleta mtu mmoja anayekosa ndege na asiyeambiwa kwa nini. Mfumo unaopimwa kwa kosa la kwanza tu utajifunza kufanya kosa la pili. Ndiyo maana nasema "huenda ni yuleyule, kwa maoni ya ofisi hii, kwa sababu hizi" lazima iwe sehemu ya msamiati rasmi, na "ni yuleyule" itolewe na binadamu mwenye jina.

Ulaya wamelichukua jambo hili kupitia sheria zaidi kuliko falsafa. Kanuni mbili za mwaka 2019, namba 817 na 818, zinaamuru mifumo ya mipaka, viza, hifadhi ya wakimbizi na polisi iweze kuzungumza, kukiwa na ghala la pamoja la utambulisho na chombo cha kugundua watu wenye utambulisho zaidi ya mmoja. Wakati huohuo mahakama zao zimekuwa zikivuta breki. Tarehe 16 Februari 2023 mahakama ya katiba ya Ujerumani ilisema vifungu vya sheria za majimbo ya Hesse na Hamburg vilivyoruhusu polisi kuchambua data kwa mashine vinakiuka katiba. Hesse ilikuwa tayari inatumia programu ya kampuni ya Palantir. Msingi wa hoja ni kwamba data iliyokusanywa kihalali kwa lengo moja, ikiunganishwa na nyingine, huzaa maarifa mapya, na kuzaa huko ni uingiliaji unaohitaji uhalali wake wenyewe. Wajenzi wa ontolojia wangeufaidi uamuzi huo wakiutazama kama mahitaji ya mfumo badala ya kikwazo: lengo la kukusanya taarifa ni kitu kinachoweza kuandikwa kama sentensi, na mashine ikakatazwa kuvuka pale malengo yasipooana.

Palantir inatuleta kwenye umiliki. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa 2003 na kupata fedha mapema kutoka In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji wenye uhusiano na CIA, imeifanya ontolojia kuwa moyo wa bidhaa yake ya Foundry, na inafanya kazi hiyo vizuri kuliko serikali nyingi zingeweza. Tatizo langu ni dogo na la kisiasa. Fasili ya nani ahesabiwe kuwa mshirika wa kundi la kihalifu ni uamuzi wa dola. Ikikaa ndani ya mipangilio ya bidhaa ya kibiashara, bunge haliioni, mahakama huipata kwa shida, na mkataba ukiisha dola inagundua kwamba data ni yake lakini maana si yake. BFO na Common Core ziko wazi kwa yeyote kuzisoma, NIEM vilevile. Hakuna siri ya taifa inayovuja kwa kuonyesha kwamba mfumo una daraja "mshirika" na masharti ya kuingia humo. Rekodi za watu zibaki siri, fasili zianikwe. Idara itakayosema hata fasili ni siri, ningeanza kuikagua hapohapo.

Wapo watakaosema haya yote yanawaelemea watu wanaokimbizana na saa. Nakubali kwamba mchambuzi mwenye dakika ishirini hataki kusoma asili ya kila sentensi. Hahitaji kuisoma, anahitaji iwepo, ili mfumo uweze kumwambia kwamba taarifa saba zinazokubaliana mbele yake zote zimetoka kwa mtu mmoja aliyenukuliwa na ofisi saba.

Na anahitaji kitu kimoja zaidi ambacho sijaona kikipewa uzito kwenye miradi hii, nacho ni njia ya kurudi. Dai likifutwa na aliyelitoa, kufutwa huko kufike kila lilikofika dai lenyewe, na kila hitimisho lililojengwa juu yake liporomoke nalo au lipimwe upya. Kiufundi inawezekana tu pale asili ilipotunzwa tangu siku ya kwanza. Huwezi kuirudishia baadaye. Tume ya O'Connor ilimsafisha Arar Septemba 2006. Januari 2007 serikali ya Kanada ilimwomba radhi na kumlipa dola za Kanada milioni 10.5. Mwezi huohuo Washington iliijibu Ottawa kwamba jina lake litabaki kwenye orodha ya Marekani.